Saikolojia ya uhakiki ni nini?

Saikolojia ya uhakiki huigeuzia saikolojia yenyewe maswali: nani kapimwa, kwa kipimo cha nani, na jibu linamfaa nani? Hoja yake kuu ni kwamba saikolojia iliyozoeleka mara nyingi huichukua shida ya jamii, ikaiweka ndani ya kichwa cha mtu, kisha ikaanza kumtibu huyo mtu.

Tazama Mau Mau. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha ripoti ya J. C. Carothers, daktari aliyewahi kuongoza Hospitali ya Mathari ya wagonjwa wa akili, Nairobi. Kiini cha uasi alikitafuta katika nafsi za Wakikuyu: eti wameachana na mila zao kabla hawajashika za Kizungu, ndiyo maana wana wahaka. Ardhi iliyoporwa ikapewa uzito mdogo. Mwaka 1951 alikuwa amekwisha kumfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo. Frantz Fanon, naye daktari wa akili, alimjibu kwa ukali mwaka 1961, na alistahili kujibiwa hivyo.

Leo kosa hilohilo huja kwa upole. Dodoso la msongo kazini huuliza: unalala vizuri? Unakasirika upesi? Haliulizi kama mshahara umelipwa. Alama zikipanda, mfanyakazi hupelekwa semina ya kujifunza ustahimilivu, na zamu ya saa 14 inabaki palepale. Msongo wake ni wa kweli. Kilichokosewa ni chanzo.

Lugha nayo hupotosha. Ukimuuliza mtu «una huzuni?» anaweza kukataa, ilhali usiku kucha halali na mwenyewe anasema «nina mawazo mengi». Ataandikwa mzima. Vipimo vingi vimejaribiwa kwingine: mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake, wakinukuu uchambuzi wa Jeffrey Arnett wa mwaka 2008, walieleza kwamba 96% ya washiriki wa tafiti katika majarida makuu ya saikolojia walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda, zenye takriban 12% ya watu wa dunia.

Wengine hudhani uhakiki huu unakana ugonjwa wa akili au dawa. Sivyo. Klaus Holzkamp, mwanasaikolojia Mjerumani aliyeujenga Berlin Magharibi, alitaka saikolojia ianze na sababu alizonazo mtu mwenyewe za kutenda, katika hali anayoishi. Kwa hiyo mshauri nasaha, kabla hajaandika «hana ari», aulize: analipwa lini, nani anamdai, na akijituma zaidi, faida inakwenda kwa nani?