Kuku sita na thamani ya p

Afisa mifugo kijana kutoka Sikonge alinijia hapa Tabora na daftari lenye matokeo ya jaribio lake la chanjo ya kideri. Kuku watatu wa kienyeji walikuwa wamepewa chanjo hai ya I-2, tone moja jichoni, na watatu wengine hawakupewa kitu. Wiki tatu baadaye kingamwili za waliochanjwa zilisoma 5, 6 na 7 kwa logi ya 2, yaani kila hatua ni seramu, majimaji ya damu, iliyozimuliwa mara mbili zaidi; za wasiochanjwa zilisoma 0, 1 na 2. "Mwalimu," akaniuliza, "tofauti hii hata mtoto anaiona, mbona kompyuta inaikataa?" Alikuwa ametumia kipimo cha Mann-Whitney, na thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho kwa bahati tu kama chanjo haifanyi kitu, ilikuwa 0.1, wakati kwa kawaida hutakiwa iwe chini ya 0.05.

Nilikata vipande sita vya karatasi, nikaviandika namba 1 hadi 6, kwa kuwa kipimo hicho hakitazami matokeo yenyewe bali nafasi zake yakishapangwa, nikamwambia atafute njia zote za kuchagua vitatu. Zilifika 20. Katika hizo, ni mbili tu zinazoyatenga makundi kabisa, moja kwa kila upande, na 2 kwa 20 ndiyo 0.1 yake. Chanjo ingekuwa bora kiasi gani, kuku watatu kwa watatu wasingeweza kushuka chini ya hapo. Wakiwa wanne kwa wanne njia huwa 70, na p ndogo kabisa huwa 0.029.

Angetumia kipimo cha t, kinacholinganisha wastani wa makundi mawili, kwenye logi hizo, angepata p ya takriban 0.004. Mimi sikipingi, maana kingamwili zikiandikwa kwa logi mara nyingi hutawanyika karibu na mtawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele ambao kipimo cha t huutegemea, lakini hilo tunalijua kutokana na makundi mengi ya kuku waliopimwa kabla, si kutokana na hawa watatu. Na uamuzi huo huandikwa kabla ya kuchanja, si baada ya kipimo cha kwanza kukuudhi. Kama anachohesabu ni waliopona na waliokufa, kipimo ni cha Fisher, nacho ni kikali: wakipona wanne kati ya watano upande mmoja na mmoja kati ya watano upande wa pili, p ni 0.21.

Kilichonisumbua zaidi hakikuwa kipimo. Waliochanjwa walilala banda moja, na kirusi cha I-2 huambukizana kutoka kuku hadi kuku, hivyo mmoja aliyechanjwa vizuri huweza kuwachanja wenzake. Hapo unachohesabu ni banda, si kuku, na jaribio lake lilikuwa na banda moja tu kwa kila upande. Kwa Mann-Whitney angehitaji mabanda manane, kila moja likitoa wastani mmoja.

Nikamuuliza anayo mangapi. Mawili, akasema, na la mama yake la tatu.