Utangulizi wenye mtego: kwa nini watu huingia mapema kwenye wimbo

Utangulizi wenye mtego ni sehemu ya mwanzo wa wimbo, ya ala tupu, inayomfanya msikilizaji aamini kwamba mwimbaji anaanza sasa hivi, kumbe bado. Mtu anavuta pumzi, anatoa neno la kwanza kwa sauti kubwa, na ala zinaendelea zake kana kwamba hakuna aliyesema kitu. Wanamuziki husema huyo ameingia mapema.

Urefu peke yake hautoshi kuwa mtego. Pink Floyd walitoa mwaka 1975 wimbo "Shine On You Crazy Diamond", ambao sauti ya mwimbaji haisikiki mpaka zipite dakika 8 na zaidi, lakini mwanzoni kabisa hakuna anayenaswa. Dakika za kwanza ni kinanda kinachovuma taratibu na gitaa linaloongea litakavyo, bila ngoma, bila mapigo ya kuhesabika. Sikio halina cha kushika, kwa hiyo halina cha kukosea. Ili mtu anaswe, lazima kwanza apewe mpangilio anaoufahamu.

Mpangilio wenyewe ni huu. Nyimbo nyingi zinazoimbwa na umati hutembea kwa mapigo manne manne. Mapigo manne ni kipimo kimoja, na vipimo hujipanga kwa makundi: vinne, vinane, kumi na sita. Asiyejua kusoma nota hata moja ameshauzoea utaratibu huo kwa kusikiliza tu, na kundi la vipimo vinane likikaribia kwisha, mwili wake unajua kuna kitu kipya kinakuja. Leonard Meyer, mwanazuoni wa muziki wa Marekani, alieleza mwaka 1956 kwamba hisia nyingi tunazozipata katika muziki zinatokana na matarajio: muziki hututarajisha jambo, kisha hulitimiza, au hulichelewesha, au hutunyima. Anayeingia mapema amefuata matarajio hayo hadi mwisho, na sauti ikamtoka.

Ndiyo maana sikubali kabisa watu wanaposema kwamba anayewahi hana sikio la muziki. Asiye na sikio haingii popote, hungoja wenzake waanze naye afuate. Anayewahi amehesabu vizuri, tena bila kuambiwa ahesabu. Kilichomponza ni kwamba mtunzi naye aliijua hesabu hiyo, akaongeza mzunguko mmoja zaidi.

Zipo pia ishara ambazo kwa kawaida humtangulia mwimbaji. Mpiga ngoma hupiga mbwembwe fupi mwishoni mwa kundi la vipimo, toazi likalia kwenye pigo la kwanza la kundi linalofuata. Besi iliyokuwa kimya inaingia. Gitaa linabaki kwenye kodi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) yenye mvuto wa kurudi nyumbani, ile ambayo ukiisikia unajua haiwezi kuwa mwisho. Katika utangulizi wenye mtego ishara zote hizo hutolewa, na anayeingia kila mara ni ala nyingine. Kila ala mpya ni mlango unaofunguka, na aliyesimama nyuma yake siye unayemsubiri.

Mfano unaoonyesha jambo hili vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni "Hotel California" ya Eagles, ya mwaka 1976. Mzunguko wake una kodi nane, na katika utangulizi mzunguko huo unapigwa wote mara mbili, jumla kama sekunde 50. Kodi ya nane ndiyo yenye mvuto mkali wa kurudi kwenye ya kwanza. Mzunguko wa kwanza ukimalizika, kila kitu kimekamilika: hesabu imetimia, kodi ya mwisho inavuta, sikio limeshaonyeshwa njia nzima. Hapo ndipo wengi wanapoanza ubeti, na wana nusu nzima ya utangulizi mbele yao. Kisha kundi hilohilo liliporudi jukwaani mwaka 1994 liliupiga wimbo kwa magitaa yasiyo ya umeme, na utangulizi mrefu zaidi, wenye ngoma za mikono. Aliyezoea toleo la zamani akikutana na hilo atanaswa upya.

Suala la matoleo linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndipo kumbukumbu inapotusaliti. Ubeti na kiitikio tunavikumbuka neno kwa neno. Utangulizi tunaukumbuka kwa ladha yake tu: gitaa lile, kinanda kile. Ni mara ngapi mzunguko unarudiwa kabla ya sauti, hilo halikai kichwani. Na wimbo mmoja waweza kuwa na toleo lililofupishwa kwa ajili ya redio, toleo kamili la kwenye albamu, toleo refu la kuchezea dansi na rekodi ya jukwaani, kila moja na mwanzo wake. Tangu miaka ya 1970 matoleo ya dansi hutengenezwa na mwanzo mrefu wa midundo mitupu, ili mchezeshaji muziki apate nafasi ya kuunganisha wimbo unaokwisha na unaoanza. "Blue Monday" ya New Order, ya mwaka 1983, imejengwa hivyo tangu asili yake: ngoma ya mashine inaanza peke yake, tabaka moja linapanda juu ya jingine, na mwimbaji anafika baada ya dakika 2 na ushei. Atakayeimba kila mara tabaka jipya linapoongezeka atachoka kabla ya ubeti wa kwanza.

Upo mtego wa aina nyingine, unaotegwa kwa kuondoa alama za njiani. "Papa Was a Rollin' Stone" ya The Temptations, iliyotoka mwaka 1972, inakaa juu ya kodi moja mwanzo hadi mwisho. Besi ina sauti chache na vituo virefu vya ukimya. Kwenye albamu, karibu dakika 4 zinapita kabla ya neno la kwanza, na kati ya beti nako kuna mapito marefu ya ala. Kwa kuwa kodi hazizunguki, hakuna kinachokuambia uko mwanzo, katikati au mwisho wa mzunguko. Ukimya wowote wa besi unaweza kuwa ndio unaomtangulia mwimbaji. Nadhani huo ni utunzi wa kijasiri mno, na bado ulishika namba 1 katika chati ya Marekani, ingawa kwa toleo fupi lililobaki na dakika kama 7.

U2 nao, katika "Where the Streets Have No Name" ya mwaka 1987, walifanya jambo la hila zaidi. Gitaa linaanza kwa mapigo matatu matatu, kisha wimbo unahamia kwenye manne manne. Aliyekuwa akihesabu tangu mwanzo hesabu yake inavunjika katikati, na sauti haiingii mpaka ipite zaidi ya dakika moja na nusu.

Watangazaji wa redio walikuwa na njia yao ya kuukwepa mtego huu. Rekodi zilizotumwa vituoni mara nyingi ziliandikwa kwenye lebo sekunde za utangulizi, ili mtangazaji azungumze juu ya ala na anyamaze nukta ileile mwimbaji anapofungua kinywa. Ustadi huo sasa hauna nafasi kubwa, kwa sababu tangulizi zenyewe zimepungua. Hubert Léveillé Gauvin, aliyechunguza nyimbo zilizoingia kumi bora Marekani kati ya 1986 na 2015, alikuta kwamba utangulizi ulishuka kutoka wastani wa zaidi ya sekunde 20 hadi kama 5. Msikilizaji wa mtandaoni anaweza kuruka wimbo kwa kidole, na Spotify huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa pale zinapotimia sekunde 30. Mtunzi anaona heri sauti itangulie. Nausikitikia upungufu huo. Sekunde 20 za ala ndizo zilizokuwa zikimpa msikilizaji muda wa kuutamani wimbo.

Mtego wenyewe haujafa, umehamia mahali pengine. Siku hizi unategwa kabla ya kiitikio: midundo inapanda, inakatika ghafla, umati unaruka, na kiitikio kinacheleweshwa kipimo kimoja zaidi. Wapo pia wanaowahi kwa mikono. Katika "In the Air Tonight" ya Phil Collins, ya mwaka 1981, ngoma kubwa zinangoja mpaka dakika ya tatu na nusu na zaidi, na watu huzipiga hewani kabla hazijafika. Kwenye kumbi za okestra umati hupiga makofi kabla ya mwisho wa simfoni ya tano ya Tchaikovsky, kwa sababu ya kituo kizito kinachofanana kabisa na tamati.

Anayetaka kuimba bila kunaswa asivute pumzi yote mapema. Pumzi ikishavutwa kifua kizima, mwili hutaka kuitoa, na inatoka na neno. Mpiga ala anayesubiri zamu yake huhesabu vipimo kwa kubadilisha namba ya kwanza: moja-mbili-tatu-nne, mbili-mbili-tatu-nne, tatu-mbili-tatu-nne, hivyo hivyo hadi afike, na namba ya kwanza humwambia yupo kipimo cha ngapi. Njia hiyo inamfaa yeyote, almuradi asikilize toleo atakaloimba, si lile alilolizoea. Wimbo wa kodi moja unadai zaidi: humo tafuta tukio dogo linalotokea mara moja tu kabla ya sauti, pengine ala inayonyamaza au sauti ya chombo isiyorudi tena, uingie baada ya hilo.