Mtoto kung'ang'ania khanga ya mama si kudeka

Wengi huamini kwamba mtoto asiyelala bila kipande cha khanga au mwanasesere wake amedekezwa, na akiachiwa atakua mwoga. Kinachojulikana ni kwamba watoto wengi wenye afya njema hushikamana na kitu laini chenye harufu ya mlezi. Ndiyo maana khanga ikifuliwa, wengine huikataa na kulia. Kitu hicho huwatuliza watoto mama akitoka, hata wakati wa kuchomwa sindano. Wengi huiacha wenyewe wakikua. Kumnyang'anya ili akomae ni kumwonea. Ukitaka kuhakikisha kwamba mtoto yuko sawa, mtazame kwa siku kadhaa: anacheza, anakula, anachangamana na wenzake? Kama hapana, muulize mhudumu wa kliniki. Ila aliye chini ya miezi 12 asilale na kitambaa kilicholegea, kinaweza kumziba pumzi.