Magugu ya kwenye pevingi hayatoki chini

Jumamosi nilikuwa Pasua, hapa Moshi mjini, kwa mama mmoja aliyeniita nimkagulie ua wake. Ni mdogo, mita sita kwa tano, umefunikwa pevingi kuanzia kizingitini hadi ukutani, na kila mwanya umeota majani. Neno lake la kwanza: "Fundi, aliyenitengenezea hakuweka nailoni. Ng'oa zote, tandika nailoni nzito, nisishike jembe tena." Hayo hayo nimeambiwa Rau, nimeambiwa Majengo, nimeambiwa Soweto. Safari hii nimeona niyaandikie.

Nilichuchumaa nikachokonoa gugu moja kwa bisibisi. Lilitoka zima, na mzizi wake haukufika hata urefu wa kidole gumba. Lilikuwa limejishikiza kwenye vumbi jeusi lililojaa juu ya mwanya. Nikang'oa na tofali lenyewe: mchanga wa chini safi, hauna mzizi hata mmoja. "Mama, haya hayakutoka chini," nikamwambia. "Yametua kutoka juu." Mbegu huletwa na upepo, na ndege, na soli za viatu. Vumbi la Januari na Februari linajaa kwenye mianya, masika yanaanza, zinaota. Nailoni ingekuwa sentimita kumi chini ya hayo yote. Ingezuia nini?

Tena inaharibu. Maji ya mvua hupita kwenye mianya, yakifika kwenye nailoni yanakwama. Mchanga unabaki umeloa, ukikanyagwa unahama, pevingi zinatitia. Palipotitia maji yanatuama, yakikauka yanaacha tope, na tope ndilo shamba jipya la magugu. Nimewahi kufumua ua wa namna hiyo nikakuta mchanga umekuwa uji mweusi unaonuka. Ndago kweli hutoka chini, maana ina viazi vyake ardhini, lakini ncha yake inatoboa nailoni kama sindano. Ndago huchimbwa kabla ya kushindilia, kiazi kwa kiazi. Na hao wanaomwaga chumvi au oili chafu kwenye mianya, jamani, acheni. Vinaishia kwenye mizizi ya mlimau wako.

Ua usiokusumbua huanzia kwenye mteremko: sentimita mbili na nusu kwa kila mita, maji yaiache nyumba. Moramu, ule udongo wa changarawe wa chini kabisa, ishindiliwe vizuri, mchanga wa kulalia usizidi sentimita tano, pembeni pafungwe kwa zege, mchanga laini mkavu ufagiliwe kwenye mianya mpaka ishibe. Baada ya hapo ni fagio la chelewa kila wiki. Vumbi likiondoka, mbegu haina pa kushika.

Halafu usifunike kote. Hili ndilo ninalobishana nalo zaidi na wateja. Ua wa mita 30 za mraba ukinyeshewa milimita 20 tu unapokea lita 600, yaani mapipa matatu. Watu wanayasukumia barabarani, kisha mwezi wa nane wanabeba ndoo kumwagilia makopo ya maua. Toa pevingi chache kwenye kona ya chini, chimba mpaka upite moramu, jaza udongo na samadi, upande hapo. Mmea ulio ardhini ukishashika unajitafutia. Wa kwenye kopo dogo, juu ya pevingi iliyochomwa na jua la Februari, unadai maji asubuhi na jioni. Ukitaka vyungu, weka viwili vikubwa kuliko kumi na tano vidogo.

Cha kupanda? Mimi huanza na masale. Huku Uchagani yanaonyesha mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo lililoizunguka nyumba, na jani lake linapelekwa kuomba msamaha, lakini mtu akihamia mjini anayaona ya kijijini, anakwenda kununua ua asilolijua jina. Kata fimbo, chomeka, limeota. Ila niseme ukweli: kihambani masale yanakaa chini ya kivuli cha migomba. Nimeyapanda kwenye kuta mbili zinazopigwa na jua la mchana huku mjini, yote yakaungua ncha. Siku hizi mahali kama hapo naweka mshubiri au mchaichai. Kuhusu kuacha mianya mipana na kuotesha ukoka, picha zake zinapendeza, lakini nimejaribu mara tatu na mara mbili nikauondoa. Kivulini unakonda, juani unapanda juu ya pevingi, na unadai kukatwa. Siwezi kumuahidi mtu kwamba hiyo ni kazi ndogo.

Kwa yule mama tulitoa pevingi saba kwenye kona, tukachomeka fimbo mbili za masale alizoletewa na dada yake kutoka Marangu. Ukuta pale unatupa kivuli kuanzia saa sita. Nailoni alikuwa ameshainunua. Atafunikia kuni.