Panya wa plafo, dende wa jikoni na njaa yetu

Kwa nini panya wa plafo, yaani dari, huku Kadutu mjini Bukavu huanza mbio zao sisi tukilala?

Ubongo wao una saa. Iko ndani ya haipothalamasi, kisehemu kidogo chini ya ubongo, juu tu ya mahali mishipa ya macho inapopishana, ndiyo maana mwanga huifikia. Mwaka 1972 watafiti Marekani waliharibu hapo kwenye ubongo wa panya, na panya wakawa wanakunywa maji na kukimbia saa yoyote. La ajabu, saa ya panya huchangamka mchana kama yetu sisi. Mwili wao tu ndio unaoisoma kinyume.

Na dende (cobaye) tunaofuga jikoni?

Wanayo. Hata mjusi anayo.

Njaa mimi naisikia tumboni. Ubongo unaingiaje?

Tumbo hunguruma, ila anayeamua ni haipothalamasi. Mwaka 1940 Hetherington na Ranson waliijeruhi ya panya katikati. Panya wakanona kupita kiasi. Mwaka 1951 Anand na Brobeck walijeruhi pembeni yake, na panya wakagoma kula, chakula kikiwa mbele yao.

Haipothalamasi inajuaje kama mwili una akiba? Mafuta yenyewe huipelekea habari kwa homoni iitwayo leptini, ambayo jeni yake ilipatikana mwaka 1994 na timu ya Jeffrey Friedman, New York. Panya mdogo asiyeweza kuitengeneza hula kama aliyetoka kwenye njaa kali, hata akiwa mnene kama mpira. Akidungwa leptini, hula kidogo na kupungua.

Basi nami nidungwe nipunguze kilo!

Hapana, mama. Watu wengi wanene tayari wana leptini nyingi damuni. Ni ubongo wao usioisikia vizuri. Ukiongeza, ni kama kumpigia kelele kiziwi. Wanaofaidika ni wachache mno, kama watoto waliozaliwa bila uwezo wa kuitengeneza. Hapo panya huyo wa maabara na wewe, muuza sambaza (samaki wadogo) wa Kadutu, mnaachana njia.

Nikiwa na malaria natetemeka kwa baridi, na kipimo kinasema 39. Nani anadanganya?

Hakuna. Haipothalamasi hupanga pia joto la mwili. Kinga ikipambana na vimelea, huifanya ipandishe kiwango inachokitaka, kwa hiyo 39 inahesabiwa kuwa baridi mpaka mwili ufike huko juu. Parasetamoli hukirudisha kiwango chini, lakini vimelea haiviui. Unaweza kujisikia mzima saa chache huku malaria inaendelea, kwa hiyo nenda kituo cha afya ukapimwe damu siku hiyohiyo.