Pedi za breki zikiisha, diski nazo hutupwa?

Wengi wanaamini kwamba ukienda kwa wakala wa magari kubadilisha pedi za breki, diski nazo (sahani za chuma zinazobanwa na pedi) lazima ziondoke. Si kweli, na hapo ndipo bili inapovimba. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi, na hubadilishwa zikikaribia 3. Diski ina kipimo chake: mara nyingi ukingoni au katikati pamegongwa herufi MIN TH, yaani unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, na namba ya milimita, tuseme 22. Fundi akipima kwa maikromita, kifaa cha kupimia unene, akapata 23.6, tena hakuna ufa wala michirizi yenye kina, diski inabaki. Mwambie akuonyeshe hicho kipimo, kuuliza si ugomvi. Ikiwa imeshuka chini ya 22, lipa tu. Diski nyembamba hupata joto kali upesi na huweza kupasuka.