Jengo la "kuhimili Rikta 8" na hadithi nyingine za saiti

"Jengo hili limesanifiwa kuhimili Rikta 8."
Ukisikia hivyo, uliza: tetemeko la wapi? Mhandisi hasanifu kwa ukubwa wa tetemeko, yaani hiyo Rikta, peke yake. Anachokokotoa ni mtikisiko utakaofika kiwanjani pako, nao unategemea umbali, kina na aina ya udongo. Septemba 2010 tetemeko la 7.1 lilipiga magharibi ya Christchurch, New Zealand, na hakuna aliyeuawa na jengo kuanguka. Februari 2011 likaja dogo zaidi, la 6.2, lakini chini kidogo tu ya ardhi na karibu kabisa na mji. Watu 185 walikufa.

"Likifuata kanuni, halipati hata ufa."
Kanuni za ujenzi haziahidi hivyo. Kwa nyumba ya kawaida, lengo ni watu watoke hai. Jengo likipinda hadi libomolewe baadaye, kwa kipimo hicho limefaulu. Mwenye mali hushtuka kusikia haya, kwa sababu siku ya kupitisha ramani hakuna aliyemuuliza anataka nini: jengo lisianguke tu, watu watoke salama, warudi ndani siku hiyohiyo, au kazi isisimame kabisa? Kila hatua ina bei yake.

"Nguzo zikisimama, hospitali imepona."
Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Hospitali ya Olive View, California, ilikuwa mpya tetemeko la 1971 lilipoiharibu vibaya. Minara ya ngazi iling'oka ikaanguka. Ikajengwa upya, safari hii imara kwelikweli. Januari 1994 tetemeko la Northridge likaitikisa kwa nguvu kubwa, na fremu yake, yaani mifupa ya jengo, haikupata madhara makubwa. Hata hivyo wagonjwa walihamishwa! Mabomba ya maji, yakiwemo ya kuzimia moto, yalipasuka na maji yakatapakaa wodini. Kama lengo ni hospitali kuendelea na kazi, basi mabomba, dari, jenereta na mitungi ya oksijeni navyo vifungwe kwa hesabu, visiachiwe fundi wa mwisho.

"Nguzo nene ndiyo dawa."
Unene bila ringi za kutosha, yaani vyuma vinavyozungushwa kufunga nondo za nguzo, hausaidii sana. Nguzo inatakiwa iweze kupinda bila kukatika, kwa hiyo ringi zisongamane karibu na maungio, na ncha zake zikunjwe nyuzi 135 kuingia ndani ya zege. Ukikunja 90, zege la nje likibanduka ringi hufunguka.

"Mwenye kuogopa ni wa ghorofani."
Waulize watu wa Bukoba. Tetemeko la 5.9 la tarehe 10 Septemba 2016 liliangusha nyumba nyingi za chini, za matofali yasiyo na nondo. Kwa nyumba kama hizo, lenta, yaani mkanda wa zege lenye nondo, inayozunguka kuta zote bila kukatika, iliyofungwa vizuri pembeni, ni pa kuanzia, na haihitaji kompyuta.